Flashi ya Shingoni mwa Kaisu

Jumatatu, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika maktaba moja mjini Kuopio, Kaisu Hyvärinen aliweka flashi yake ya shingoni mbele ya Outi Lampela.

"Haiwaki," alisema. "Kompyuta inaniambia hakuna mfumo."

Outi alikuwa mkutubi aliyezoea kuwasaidia wazee waliosahau nywila zao. Kaisu hakuwa mzee wala msahaulifu. Alikuwa mwandishi wa habari, na ndani ya flashi ile alibeba mfumo endeshi mzima, wa kuwashia kompyuta yoyote, pamoja na sehemu iliyofungwa kwa nywila. Humo mlikuwa na jina la mfanyakazi aliyemtobolea siri ya nyumba moja ya kutunzia wazee, ambako wasumbufu walinyweshwa dawa za usingizi mpaka watatu wakafa. Habari ilikuwa itoke Jumatano. Jina hilo likivuja mapema, mwenyewe amekwisha.

Outi aliichungulia flashi kwa kompyuta yake ya matengenezo. "Umeandika nywila leo?"

"Haikufika huko. Kwa nini?"

"Mshukuru Mungu. Hii haikuharibika, imechezewa. Faili la kuwashia limebadilishwa Ijumaa, saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili jioni. Lililowekwa lilikuwa linase nywila yako ukiiandika tu. Bahati yako, aliyeliweka kakosea folda, ndiyo maana mfumo umegoma."

Kaisu alijishika shingo. "Siivui kamwe! Hata kulala nalala nayo."

"Na Ijumaa saa kumi na moja?"

Kaisu akaziba mdomo. "Sauna."

Haikuhitaji maelezo. Chuma kile shingoni, katika joto la sauna, chumba cha mvuke cha jengo lao, kingemuunguza. Alikivua na kukiacha chumba cha nguo, kama kila Ijumaa, na zamu yake ya sauna ilikuwa imebandikwa ukutani ghorofa ya chini kwa miaka sita, kila jirani aisome.

"Nani ana zamu baada yako?"

"Jorma. Ana pupa huyo, huja mapema kila wiki. Lakini aligonga tu, mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani."

"Basi ndani mlikuwa nani?"

"Mimi, dada yangu Raija na binti yake Netta. Walikuwa wakitoka mmoja mmoja kupoa. Na wote wawili wanafanya kazi kwenye nyumba ya wazee ninayoandika habari zake."

Outi alimwonyesha vijifaili vilivyofichwa. "Kompyuta zenye alama ya tufaha huacha hivi kila zikichomekwa flashi. Nani kati yenu anayo?"

"Netta," Kaisu alisema, uso mweupe pe. "Lakini si yeye."

"Umejuaje?"

"Siwezi kukwambia."

Outi hakumbana. Alilifuta faili geni, akarudisha la asili, na saa tano kasoro robo mfumo ukawaka. Jina lilikuwa salama, ila mwizi bado alikuwa mmoja wa wanaokunywa kahawa na Kaisu.

Saa kumi na mbili jioni waliketi wanne jikoni kwa Kaisu: yeye, Outi, Raija na Netta. Mikate ya iliki ilikuwa mezani, hakuna aliyeigusa.

"Netta," Outi alianza, "kompyuta yako ndiyo iliyochezea flashi hii."

"Yangu? Mimi niliingia sauna na taulo tu!"

"Kompyuta haina miguu, binti."

"Dada Outi, usinitie wazimu!" Netta alisimama, machozi yakimlengalenga. "Nikaibe nini mle? Jina langu mwenyewe?"

Kaisu alifumba macho. Siri aliyoilinda miezi minne ilikuwa imetoka, na si kinywani mwake.

"Wewe?" Raija alinong'ona. "Netta, ni wewe?"

Outi akamgeukia. "Begi la sauna alilibeba nani?"

"Mama," Netta akajibu taratibu. "Alisema lina vinywaji, ni zito."

Maneno yakamtoka Raija ovyo. Karatasi za dawa za usingizi zilikuwa na sahihi yake. Meneja wa nyumba ya wazee ndiye aliyempa faili na kumwelekeza pa kulibandika. Alimwahidi kwamba akimletea jina la aliyetoboa siri, karatasi hizo zingepotea. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa kuukuu, akaazima ya binti yake bila kuuliza na kuificha kwenye begi.

"Niliogopa jela, Kaisu. Sikulala wiki nzima."

"Na ungempa jina," Netta alisema.

"Sikujua ni wewe!"

"Angekuwa mwingine ungempa."

Kaisu alimshika Netta bega. "Naweza kuisimamisha habari. Meneja akijua ni wewe, hatakuacha."

"Naogopa, mama mdogo." Netta alijifuta uso. "Itoe Jumatano. Na jina langu liandike lote, nisimsubiri mtu aje kuliiba."

Raija alinyoosha mkono juu ya meza kumgusa. Netta akaushusha wake mapajani.