Uso wa Mzee Mbaka

Likizo ya Agosti, kila asubuhi Kagwiria alikuwa na kazi tatu, na zote zilikuwa za kufagia. Alifagia zizi la Kairu, mtamba mweusi aliyemlea kwa chupa tangu ng'ombe mama alipokufa. Alifagia uwanja. Kisha alishuka hadi sokoni Laare kufagia chumba cha kazi cha shangazi yake, Lenah, ambaye kwa desturi ya kwao alimwita Tata. Humo Tata Lenah alipiga chapa barua, kumbukumbu za vikao vya vyama, na zaidi ya yote ratiba za mazishi. Harusi watu huahirisha. Mazishi hayangoji.

Kompyuta yake aliinunua ikiwa imetumika, lakini aliiheshimu kuliko mgeni. Katika nyumba za kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, viti vina vyao, hata chupa ya chai huvalishwa. Basi mwaka huo wa 1999, ukungu uliposhuka kutoka vilima vya Nyambene na baridi ikaingia mifupani, Tata aliifumia kompyuta kitambaa kipya cha sufu nzito chenye maua mekundu. Kilifunika kisanduku chote, kikapanda juu ya kioo, kikaning'inia nyuma hadi mezani. Kilichobaki nje ni uso tu, kama bibi aliyejifunika shuka kanisani.

Wiki hiyo hiyo Mzee Mbaka akaanza kulia.

Mzee kulia si ajabu. Ila huyu alikuwa mochari. Picha yake tu ndiyo iliyokuwa ndani ya kompyuta, kwa ajili ya ratiba ya mazishi ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Tata alikuwa akiandika habari za maisha yake, na baada ya nusu saa hivi macho ya mzee yakageuka kijani. Mistari miembamba ikashuka kutoka machoni, ikapita mashavuni, ikafika kwenye kola. Uso wa pili ukajitokeza kando ya ule wa kwanza, mdomo umepinda. Herufi za jina lake zikaanza kubadilika moja moja, kana kwamba kuna mtu ndani anayelifuta. Tata alizima, akawasha tena. Mzee alirudi mtulivu, akatulia dakika chache, akalia tena.

Mjane wake, Igoki, aliletwa aone. Alisimama mbali, mkono mdomoni.

"Huyu hakulia hata alipomzika mama yake," alisema polepole. "Sasa ni nani amemkosea?"

Halafu akawageukia waliojaa mlangoni, akawatazama mmoja mmoja. Wote wakakumbuka kwamba walikuwa na kazi nyumbani.

Kufikia Jumatatu wateja wawili walikuwa wamechukua karatasi zao. Tata akamwita Muthamia, fundi na muuzaji wa kompyuta kutoka mjini Meru. Kabla hajafika, alikivua kile kitambaa akakikunja kabatini, kama mtoto anavyovuliwa shati kabla daktari hajamgusa. Muthamia alifungua kisanduku, akapuliza vumbi, akakifunga, akakaa mbele ya kioo saa nzima. Mzee Mbaka naye alimtazama saa nzima. Hakutoa chozi.

Muthamia alikuna kichwa. Alieleza kwamba ndani mna kadi inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, na huenda imechoka. Kadi mpya zilikuwa za aina tatu. Ya bei ya chini haikuwa bora kuliko hiyo kuukuu. Ya bei ya juu ilikuwa ya watu wa filamu. Baina ya hizo kulikuwa na ya katikati, na kama lazima kununua, yeye angenunua hiyo, ingawa hakuahidi kwamba itaponya. Tata aliuliza bei, akatafuta kiti. Ilikuwa bei ya Kairu, mtamba wake mwenyewe.

Fundi alipoondoka, kompyuta ikavikwa kitambaa chake. Kabla chai haijapoa, mzee alikuwa analia. Muuza viatu wa mlango wa pili alisema labda marehemu anamwogopa fundi. Hakuna aliyecheka. Jioni hiyo Tata alituma ujumbe kwa Kiogora, mnunuzi wa ng'ombe, aje Alhamisi asubuhi. Muthamia naye aje siku hiyo na kadi.

Na hapa kuna jambo ambalo Kagwiria hakumwambia mtu. Alikuwa amekatazwa kabisa kugusa kompyuta. Lakini kila Jumatano alasiri, Tata akiwa kwenye maombi ya akina mama, Kagwiria alicheza karata zilizokuwa ndani yake. Kwanza alikivua kitambaa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta ya mandazi, na doa lolote lingemsema.

Jumatano hiyo hakucheza. Alifunga mlango, ukungu ukiingia kwa chini, akavua kitambaa kama kawaida, akafungua picha ya mzee. Alitaka kumwomba amwachie Kairu. Aliomba kwa sauti ndogo, kisha akangoja. Soko lilikuwa kimya kana kwamba watu wote wamehama. Macho yale yalimtazama, naye hakuthubutu kuyapa kisogo. Ikapita saa nzima, ikapita na nusu nyingine. Hayakugeuka kijani. Alibaki mzee wa kawaida aliyevaa tai ya kuazima.

Kagwiria alirudisha kitambaa kabla ya kuzima. Mkono wake ukapita nyuma ya kisanduku, naye akashtuka. Pumzi ya moto ilikuwa ikitoka pale, kama ya kitu kilicho hai. Iligonga sufu, ikakosa njia, ikarudi ndani. Akasimama hapo akifikiri, hadi aliposikia wimbo wa akina mama ukikaribia. Akazima haraka.

Sasa alijua, au alidhani anajua. Lakini kusema alichojua kulikuwa sawa na kusema alikijuaje, na mkono wa Tata haukuwa mwepesi. Alinyamaza jioni ile. Alinyamaza asubuhi pia, Kiogora alipomtia Kairu kamba shingoni na kumshusha hadi sokoni. Mtamba alifungwa kwenye nguzo ya mlango. Ndani, Muthamia alikuwa ameshaweka mezani kadi ndani ya boksi lake jipya. Kiogora akaingiza mkono mfukoni.

"Tata, usiuze," Kagwiria akasema. "Mzee halii kompyuta ikiwa uchi."

"Umejuaje?"

Nje Kairu alikuwa akivuta kamba.

"Nimekuwa nikicheza karata kila Jumatano, ukiwa maombini. Navua kitambaa kwanza. Na jana nilimtazama mzee saa nzima na nusu, hakulia."

Muthamia aliomba kitambaa hicho akione. Alikizungusha mikononi, akakipima uzito, akauliza kama ni blanketi. Kisha wakaivika kompyuta, wakakaa watu wanne wakiutazama uso wa marehemu, wakingoja alie. Kiogora alinong'ona kwamba alikuja kununua ng'ombe, si kukaa matanga. Ghafla macho yale yakawa ya kijani, na chozi la kwanza likashuka. Kiogora akavua kofia.

Muthamia akavuta kitambaa, akazima, akafungua kisanduku na kukipepea kwa gazeti. Walipowasha tena, mzee alitulia. Akatulia hadi wakachoka kumtazama.

"Kadi yako si mbovu, mama," Muthamia alisema, akirudisha boksi kwenye mkoba. "Inapikwa. Hii mpya ni nzuri kwa anayechora ramani za nyumba. Kwa ratiba za mazishi, hiyo uliyo nayo inatosha. Na hata hii mpya ungeivika sufu, ingelia vilevile."

Tata akamwomba Kiogora radhi na kumwambia biashara haipo. Alitoka nje mwenyewe, akaifungua kamba, akampa Kagwiria ncha yake.

"Mimi nilikimbilia kununua dawa kabla ya kuujua ugonjwa," alisema. "Hilo ni langu. Lako ni hili. Kosa la kucheza lilikuwa dogo, ningekuchapa likaisha. Lakini ulilificha, na kwa kulificha ukaacha Kairu avishwe kamba. Siku nyingine sema ukweli kabla kamba haijafika shingoni mwa asiye na kosa."

"Ndiyo, Tata."

"Na kila Jumatano hadi shule zifunguliwe utakuja nami kwa akina mama. Utapiga magoti tangu mwanzo hadi amina. Mama Kithinji peke yake huomba saa nzima."

Kagwiria alimtazama Kairu, akaona bei hiyo si kubwa. Akamgeuza, wakaanza kupanda kilima kurudi nyumbani.