Mkono wa Kwanza wa Rangi

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi lilijaa utadhani mji mzima umeamua kujenga siku moja. Mafundi bomba wanagombania viungio, mama mmoja anamfokea muuzaji kuhusu misumari iliyopinda, na katikati ya vurugu hizo dada mmoja amesimama wima kwenye foleni. Sketi nyeupe imepigwa pasi mpaka imenyooka kama rula, mfuko wa chokaa uko miguuni.

Wanafunzi walimwita Barafu, na wala hawakumwonea. Alikuwa mwalimu wa nidhamu, na tangu mama yake afariki hakuwahi kulia, wala kucheka, wala kukasirika sawasawa. Kila jambo lilimfikia likiwa limechelewa na kupoa, kama chai ya mgeni aliyepotea njia.

Nyuma yake akaja kijana mrefu, shati la maua, suruali yenye madoa ya kila rangi iliyoumbwa na mbili tatu alizochanganya mwenyewe. Kopo lilikuwa begani na mfuniko haujakaza. Mtu akamsukuma. Paa! Rangi ya njano ikatua kwenye sketi nyeupe.

"Mama yangu wee!" kijana akapiga kelele. "Dada, nisamehe!"

Barafu akalitazama doa. "Una kitambaa?"

"Nitukane kwanza."

"Kwa nini?"

"Ndiyo utaratibu. Nammwagia mtu rangi, ananitukana, naomba radhi, tunaachana. Wewe unanichanganya."

"Una kitambaa au huna?"

Akampa. Barafu akakilowesha maji akasugua, doa likamkodolea macho tu.

"Usijisumbue dada, hiyo ni rangi ya mafuta. Maji haiyajui. Labda mafuta ya taa. Nipe namba yako nikununulie sketi nyingine."

Barafu akaitaja namba yake kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji.

Jumatatu Barafu akamkuta kijana yule kwenye geti la shule, shati la maua jingine, anacheka na mlinzi. Kumbe ndiye mchora mabango aliyeletwa na Mwalimu Mkuu kufundisha uchoraji, na darasa lake ni wale waliotimuliwa kwenye madarasa mengine yote. Wanafunzi wakamwita Brashi kabla ya mapumziko. Kinara wao alikuwa msichana wa kidato cha pili aliyeitwa Kimbunga, bingwa wa kupindua madawati. Bodi ya shule ilishasema: tutakuja Ijumaa ya wiki ijayo kuangalia ukuta wa nyuma ya stoo. Tukikuta kazi ya maana, darasa linaendelea. Tusipoikuta, Kimbunga anafukuzwa na Brashi anarudi kwenye mabango yake.

Simu zikaanza.

"Hujambo, Barafu wangu?"

"Mimi si wako."

"Haya, hujambo, Barafu wa wenyewe?"

"Sijambo."

"Umecheka?"

"Hapana."

"Nimesikia kitu."

"Redio ya jirani."

Lakini siku hizo simu ilikuwa haimalizi kuita mara moja kabla hajaipokea. Aliutazama mkono wake ukifanya hivyo kama anayetazama mkono wa mtu mwingine.

Mara nyingine alipita nyuma ya stoo kuchungulia. Brashi alikuwa amepiga magoti vumbini, na Kimbunga, yule asiyetulia hata kwenye kiti cha daktari, amekaa kimya anachanganya nyekundu na nyeusi, ulimi nje.

"Leo hakuna dawati lililoruka," Brashi akanong'ona. "Nipongeze basi, mpenzi."

"Hongera."

"Duh. Nimeungua kwa joto la mapenzi yako."

Sasa sikiliza kilichoharibu mambo. Shuleni pale kulikuwa na sheria moja ambayo Barafu hakuwahi kuivunja: maandishi yoyote ukutani yafutwe kwa chokaa kabla ya kengele ya mstarini. Siku mbili kabla ya bodi kufika, aliwahi asubuhi, akaukuta ukuta wa nyuma ya stoo umechafuka kutoka kona hadi kona. Mikwaruzo myeusi, midomo mikubwa inayopiga kelele, tusi moja la nguvu upande wa kushoto, na katikati neno BARAFU limekatwa kwa mstari mwekundu. Hakuudhika. Alimwita mlinzi, wakakoroga chokaa, na kengele ilipolia ukuta ulikuwa mweupe kama sahani.

Kimbunga alipouona alisimama kidogo tu. Halafu akaokota kopo la rangi akalirusha, dirisha la ofisi ya walimu likamwagika lote, naye akatoka getini bila begi.

Brashi akamfuata Barafu koridoni, safari hii hachekeshi.

"Umefuta kwa sababu kulikuwa na jina lako?"

"Nafuta kila kitu. Ndiyo kazi yangu."

"Ule ulikuwa mkono wa kwanza, rangi ya chini tu! Kila mtoto anamwaga linalomkaba, likikauka tunapaka mkono wa pili na kuchora juu yake. Leo ndiyo tulikuwa tunachora!"

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniuliza! Ungenipigia simu."

"Kengele ilikuwa inakaribia."

Brashi akamkazia macho. "Mtoto anafukuzwa keshokutwa, na wewe unanisomea ratiba."

Barafu alitaka kusema samahani. Aliitafuta ndani yake, akakuta kama darasa wakati wa likizo, viti vimepandishwa juu ya meza. Brashi akaondoka. Jioni simu yake haikupatikana.

Asubuhi dada yake mkubwa akapiga.

"Mdogo wangu, umempata huyo mtu wako?"

"Hapatikani."

"Umelia?"

"Hapana dada. Navaa niende kazini."

"Unavaa nini?"

"Ile sketi yenye doa. Nyingine hazijakauka."

"Mpaka leo halijatoka?"

"Nimefua na kufua, maji hayaliwezi..."

"Haloo? Umekata?"

Alikuwa ameshakimbilia mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Chokaa ya jana bado inatoka kwa maji. Rangi ya mafuta, kama ile ya watoto ukutani, haitoki.

Kimbunga alipokuja kuchukua begi lake alimkuta Mwalimu wa Nidhamu na ndoo nyuma ya stoo, sketi imelowa mpaka magotini, anasugua. Maji meupe yanatiririka, na nyuma yake ile mikwaruzo inarudi yote.

"Mwalimu, unafua ukuta?"

"Nafua."

"Umeruka tusi, hapo kushoto."

"Nalifikia. Kimbunga, samahani."

"Unaomba samahani kama unaita mahudhurio."

"Ndiyo sauti niliyobaki nayo. Lakini ni ya kweli."

Kimbunga akamchunguza, akaweka begi chini, akachukua brashi ya pili. "Na mwalimu wetu umempigia?"

"Amezima simu."

"Mwalimu jamani! Namba yake ya kazi imeandikwa kwenye mabango mji mzima!"

Brashi akaja anahema, akauona ukuta, akakaa chini vumbini. Kisha akaita darasa lake lote.

Ijumaa bodi ilikuta nyuso. Nyuso kubwa za watoto wale, na ile mikwaruzo myeusi imekuwa nywele, nyusi, mikunjo ya mashati. Mwenyekiti akauliza kuhusu dirisha.

"Mimi ndiye niliyefuta kazi yao bila kuuliza," Barafu akasema. "Kama kuna wa kuadhibiwa, anzeni na mimi."

Wakanong'onezana, wakampa Kimbunga muhula mmoja zaidi, na darasa likabaki. Kimbunga akapiga yowe lililomwamsha mlinzi.

Watu walipotawanyika Brashi akabaki ameshika ndoo.

"Barafu, nataka kukuoa."

"Na ndoo mkononi?"

"Pete nitatafuta."

"Sitaki kukudanganya. Sijui kama nahisi kitu."

"Sasa hivi, hapa hapa, unahisi nini?"

Akajikagua kwa uaminifu, kama anayekagua kucha za wanafunzi. "Vidole vinawaka. Ni ile chokaa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na hukusema!"

"Sikujua kama inahesabika."

Brashi akaitumbukiza mikono ya Barafu kwenye maji ya ndoo, akaiosha kidole kimoja kimoja. Barafu hakuitoa.

"Nijibu basi."

"Njoo kwa dada yangu Jumapili. Yeye ndiye atakayelia kwa niaba yangu. Na vaa shati lisilo na madoa."

"Sina."

"Basi njoo hivyo hivyo."