Mtani Kwenye Barabara ya Urambo

"Mgonjwa hajafika wodini. Dawa inaharibika saa nane."

Sauti ya mkuu wake ilimfikia Shamimu Pazi sikioni akiwa tayari juu ya Honda, anaikimbiza barabara ya Urambo. Hakuhitaji kufafanuliwa. Mgonjwa ni Diwani Renatus Masolwa. Wodi ni ukumbi wa halmashauri, ambako madiwani walikuwa wamevutana wiki nzima juu ya bajeti na ushuru mpya wa tumbaku. Nusu ndiyo, nusu hapana. Dawa ni kura, nayo ingepigwa saa nane.

Asubuhi hiyo Masolwa alikuwa amehamia ndiyo. Kura yake ingepitisha bajeti na kuweka vizuizi kwenye njia za msituni, ambako malori ya magendo hupita kwenda mpakani. Bajeti ikikwama leo, vizuizi hakuna.

Na Masolwa alikuwa ametoweka mikononi mwa Shamimu, kwenye mgahawa wa Ng'ambo, alipompa kisogo ili alipe chai. Mjinga mkubwa! Jasusi mzima, mwenye Glock kiunoni, kazidiwa akili kwa vikombe viwili vya chai.

Bahati moja tu. Alikuwa amembandika diwani kitufe cha kumfuatilia, ndani ya kola ya koti. Sasa nukta nyekundu ilikuwa inatembea kwenye Samsung yake, mita chache mbele.

Akainua macho.

Msafara wa msiba.

Land Cruiser pikapu yenye jeneza lililofunikwa shuka jeupe. Noah nyeusi nyuma yake. Matawi mabichi kwenye bampa za magari yote mawili.

"Mama Imakulata," alimwita mkuu wake wa kazi. "Nukta iko kwenye msiba."

"Kwenye jeneza au kwenye Noah?"

"Sijui."

"Ukikosea, umevamia maiti ya watu."

"Nikipatia, waliomteka watampiga risasi kabla sijashuka."

"Msaada uko mbali, mwanangu. Amua mwenyewe."

Shamimu aliogopa. Si woga wa kujivunia baadaye. Alikuwa amemwahidi Masolwa kwamba hataguswa.

Mbele, treni ya mizigo ilianza kukatiza barabara. Msafara ukasimama. Wauza asali waliokaa kando ya reli waliona jeneza, wakavua kofia.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni Mzaramo.

Tangu enzi za misafara ya wapagazi, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana haki yake msibani. Atazuia jeneza, atamkejeli marehemu, atadai apozwe kwa pesa kidogo ndipo watu wapite. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Mfiwa wa kweli hamkasirikii mtani.

Alijifunga kanga, akaficha bastola, akakimbia kujilaza mbele ya pikapu.

"Hapiti mtu! Huyu ni Mnyamwezi wangu! Nani kawaruhusu kumzika bila mimi?"

Wauza asali wakaangua kicheko. "Mtani kafika! Mpozeni!"

Mlango ulifunguliwa. Akashuka mwanamume mwenye miwani ya Ray-Ban, shingo nene.

"Toka hapo, mwehu wewe!"

Kicheko kikakatika.

"He!" alisema bibi mmoja, chupa ya asali mkononi. "Baba, huyo ni mtani. Marehemu wenu ni wa ukoo gani, mbona mnamtukana mtani wake?"

Mkono wa Ray-Ban ulishuka kiunoni.

Mabehewa ya mwisho yalikuwa yanapita. Shamimu alirukia nyuma ya pikapu na kuketi juu ya jeneza.

"Mnyamwezi mvivu wee! Mchana wote huu umelala tu! Amka, kuna kura!"

Ndani ya jeneza, kitu kikagonga.

Kila mtu alisikia. Bibi akaangusha chupa. Ray-Ban akachomoa bastola, lakini Glock ilikuwa imeshatoka kwenye kanga na sasa ilimtazama katikati ya miwani.

"Weka chini," Shamimu alisema. Sauti haikutetemeka.

Ray-Ban aliiweka chini. Noah ilijaribu kurudi nyuma, ikakuta wauza asali wameshajipanga na mapanga yao ya kurinia asali.

Masolwa alitolewa amefungwa plasta mdomoni, amelowa jasho, macho yamemtoka. Lakini mzima. Shamimu alimkumbatia bila kufikiri na kusema ukweli: "Mzee, nimeogopa sana."

"Mimi je?" Masolwa akajibu.

Wauza asali wakabaki kuwalinda watekaji hadi msaada ufike. Shamimu na Masolwa walirudi mjini kwa pikapu ileile, Honda ikiwa imepakiwa nyuma, matawi yakipepea. Saa nane ikikaribia, diwani aliingia ukumbini na lile shuka la jeneza begani. Upande wa hapana, mmoja aliangusha glasi ya maji. Masolwa alinyoosha mkono kabla hajaketi.

Bajeti ikapita.

Masolwa akamkuta Shamimu nje, anawasha Honda.

"Mtani, hukupozwa. Nidai chochote."

"Acha tu, Mnyamwezi. Nitakuja kuchukua haki yangu siku utakayokufa kweli."

Masolwa alicheka hadi akashika ukuta. Shamimu akaondoka taratibu, mgongo umenyooka. Alipokata kona alisimamisha pikipiki, akakalia mikono yake hadi ilipoacha kutetemeka.