Jino la Aloys na Simu za Bridget

Karibu kila jioni, Elvire akichambua mboga, simu ya mumewe iliita. Aloys aliiweka mezani na kuongeza sauti ili nyumba nzima ifaidi.

"Naitwa Bridget," mwanamke alisema kwa Kiingereza. "Nazungumza na Aloys? Ni kuhusu malipo ya kliniki ya meno."

"Ndiye. Bridget, leo umepika nini?"

"Bwana, tunahitaji kuzungumza kuhusu—"

"Sikiliza. Chemsha maharagwe mpaka yalainike. Menya ndizi mbichi, weka juu. Halafu..." Aloys akakata simu.

Elvire alicheka mpaka mchicha ukamponyoka.

Huyo ndiye Aloys. Kanisani kwao Fairfield, ughaibuni walikohamia, watu walikuwa wameonywa kuhusu matapeli wa simu. Onyo hilo alilishika kuliko mahubiri yote. Kila asiyemjua alikuwa tapeli.

Jino lenyewe lilikuwa la kweli. Lilimtesa, likang'olewa, na mengine mawili yakazibwa. Aloys alikuwa na kadi yake ya Medicare, bima ya afya ya serikali, mfukoni. Aliamini imelipa kila kitu, kama ilivyolipa siku Elvire alipojifungua.

Barua za kliniki zilipoanza kuja, hakuogopa. Katika kambi ya wakimbizi Tanzania alikokulia, mtu akikudai anakuja mwenyewe. Anakaa, anakunywa chai, anaulizia watoto. Ndipo anakohoa na kutaja deni.

"Sasa hii karatasi," Aloys alisema, "imekunywa chai ya nani?" Akaiweka juu ya friji.

Mwezi huo Elvire alipata habari njema. Nyumba ya wazee kule Quakers Hill, alikokuwa kibarua, ilitaka kumwajiri moja kwa moja. Ila zamu ingeanza alfajiri, na treni ya kwanza isingemfikisha kwa wakati. Bila gari, hakuna kazi. Wakapanga kuomba mkopo wa gari.

Jioni moja jirani yao Apondi alikuja kurudisha sufuria. Apondi ni Mkenya, na kazi yake ni kushauri watu kuhusu madeni katika ofisi ya kusaidia wahamiaji. Simu ikaita. Aloys akamkonyeza.

"Kaa, Mama. Sinema inaanza."

Apondi alisikiliza mpaka kwenye ndizi. Hakucheka.

"Baba Gad, ulienda kwa daktari wa meno?"

"Nilienda."

"Ukalipa?"

"Medicare ililipa."

"Medicare ilipie meno ya mtu mzima? Aki wewe. Kwa kawaida hailipi. Huyu unayemfundisha kupika, ukiendelea hivi, atakupika wewe. Barua ziko wapi?"

"Juu ya friji," Elvire alisema. "Chini ya unga."

Apondi alipangusa unga, akasoma.

"Hili ni onyo la mwisho. Kliniki imekabidhi deni kwa kampuni ya kukusanya madeni. Ukinyamaza, linaweza kuandikwa kwenye ripoti yako ya mikopo. Hiyo ni kumbukumbu ya jinsi unavyolipa madeni. Doa likiingia humo linakaa miaka mitano. Hata ukilipa baadaye, wataandika umelipa, lakini doa linabaki. Na mkopeshaji anachungulia humo kwanza."

"Na gari?" Elvire aliuliza.

"Labda uende Quakers Hill mgongoni kwa Baba Gad."

Hapo Aloys aliacha utani. Alimtazama mkewe. Elvire alikuwa ameshika kisu tu, mboga kazisahau.

"Nimpigie sasa hivi?" Aloys aliuliza.

"Ngoja. Kuogopa matapeli si kosa. Usilipe kwa sababu tu mtu amepiga simu. Ipigie kliniki kwanza, kwa namba uliyonayo wewe, si ile anayokupa mpigaji. Uliza kama deni ni lako, na kama wanaijua kampuni hiyo. Hesabu ikiwa na kosa, pinga kwa maandishi. Ikiwa sahihi, sema ukweli: unaweza kutoa kiasi gani kidogo kidogo bila watoto kulala njaa. Kiingereza kikikukwama, omba mkalimani. Ni bure. Na washauri kama mimi pia ni bure. Akija mtu anataka pesa eti akufutie doa, huyo mkimbie."

Jumatatu wakaipigia kliniki. Deni lilikuwa lake. Kampuni ilikuwa ya kweli. Bridget alikuwa Bridget.

Aloys akaipigia kampuni kwa namba waliyopewa na kliniki.

"Bridget, ni mimi. Mtu wa ndizi."

Akaendelea upesi.

"Nisamehe. Nilidhani wewe ni tapeli. Nataka kulipa."

Akaeleza mshahara wake wa kiwandani na watoto alio nao. Wakapatana alipe kidogo kila wiki mbili, na deni lisiandikwe kwenye ripoti maadamu analipa. Akaomba mapatano hayo kwa maandishi, kama Apondi alivyomfundisha. Barua ilipokuja, Elvire aliikataza kabisa kukaribia friji.

Kisha Aloys akaomba nakala ya ripoti yake, ambayo nayo ni bure. Ilikuwa safi. Walipoomba mkopo, hawakulificha deni la jino. Wakapata gari dogo, kuukuu, lenye mlango mmoja mkaidi. Elvire akaanza kazi.

Siku ya malipo ya mwisho, Aloys alipiga simu kuhakikisha.

"Umemaliza," Bridget alisema. Lakini hakukata. "Kuna jambo moja limebaki."

Aloys akanyakua barua ya mapatano.

"Nimepika zile ndizi mara mbili, zote zimeungua. Kila siku ulikata simu kabla ya kuniambia kinachofuata."

Aloys akavuta kiti, akakaa.

"Mawese, Bridget. Nyumbani una mawese?"

Mlangoni Elvire alikuwa akiingia kutoka kazini, funguo za gari zikilia mkononi.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema. "Chai ipo."