Vidonge Alivyoviacha Zuleha

Maneromango, mtu akitaka pilau ya shughuli, alikuwa haulizi mara mbili. Alikwenda kwa Zuleha. Harusi, maulidi, hitima, zote alipika yeye. Alipika kwa kuni, kwenye masufuria makubwa. Wali ukikaribia kuiva, alipalia makaa juu ya mfuniko mpaka ukauke vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene sana. Watu walimwita Mama Sufuria, na yeye alicheka pamoja nao.

Nyumbani alikuwa hacheki. Mizani ilisema kilo mia moja arobaini na sita. Magoti yalimuuma. Sukari ilikuwa juu, presha juu. Alilala ameketi, maana akilala chali pumzi zilimpaa. Alisali kwenye kiti, kwa sababu akisujudu haamki. Majani ya kila namna alishachemsha akanywa. Kujinyima alishajinyima. Zilitoka kilo nne, zikarudi sita.

Mumewe alikufa zamani. Aliishi na mama yake, Bi Mwanakheri, na mtoto wake wa pekee, Hamisa, binti wa miaka ishirini na mmoja.

Ndipo daktari mmoja wa Dar es Salaam akamweleza habari ya upasuaji. Mfuko wa tumbo unakatwa, sehemu kubwa inatolewa, kinachobaki ni chembamba kama ndizi. Mtu anashiba kwa chakula kidogo.

"Lakini usidhani mimi nitakumalizia kazi," daktari alisema. "Mimi nitakata. Masharti utayashika wewe, kila siku, maisha yako yote."

Zuleha akakubali. Alipasuliwa mwezi wa pili. Akapumzika wiki tatu kwa mdogo wake Kibaha, akinywa maziwa na supu iliyochujwa, kijiko baada ya kijiko. Kidonda kilipopona akarudi Maneromango. Alirudi na karatasi ya masharti, tarehe ya kwenda kupimwa damu, na chupa nyeupe ya vidonge vya vitamini. Kidonge kimoja kila siku, asiruke hata siku moja.

Kufika mwezi wa sita, kilo thelathini na tano zilikuwa zimeondoka. Magoti yalitulia. Siku moja alasiri, Zuleha alisogeza kiti pembeni, akasimama kwenye msala. Akarukuu. Akasujudu. Akaamka mwenyewe. Bi Mwanakheri, aliyekuwa mlangoni, alilia kwa furaha.

Nje ya nyumba, watu waliona jambo jingine.

"Mmemwona Zuleha?" mmoja alisema kisimani. "Nguo zinamvuka."

"Kaukwaa huyo. Kwani mumewe alikufa na nini?"

"Si walisema malaria?"

"Haya, malaria."

Wakacheka. Maneno hayo yalimfikia Bi Mwanakheri kabla ndoo hazijajaa.

Mwezi huohuo Hamisa akaletewa posa. Kijana aliitwa Ashrafu, mtu wa Soga, kule Kibaha. Shangazi yake alikuja na mshenga kumwona binti. Walikaribishwa, wakakaa mkekani, wakanywa chai. Ilipofika saa ya kidonge, Zuleha akachukua chupa yake dirishani. Chupa ikalia chaka-chaka. Akameza kidonge kwa maji kidogo. Shangazi wa Soga aliitazama ile chupa. Aliitazama mpaka iliporudishwa mahali pake.

Wageni walipoondoka, Bi Mwanakheri alifunga mlango.

"Zuleha, vidonge hivyo viache."

"Mama, hivi ni vitamini."

"Mimi najua. Yule wa Soga anajua? Kidonge kila siku, saa ileile, na mwili unaisha. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Daktari alisema nisiruke."

"Daktari hana binti wa kuozesha hapa. Miezi miwili tu, harusi ipite. Vitamini si zimo kwenye chakula? Mimi nitakulisha."

Zuleha akamtazama Hamisa, aliyekuwa uani akiosha vikombe vya wageni huku akiimba kidogokidogo. Hakubisha tena. Aliitia chupa chini ya sanduku la nguo. Tarehe ya kliniki ilipofika, hakwenda. Aliogopa kuulizwa njiani anafuata nini hospitali.

Bi Mwanakheri alitimiza ahadi yake. Ugali, muhogo, nyama ya kukaanga.

"Kula, mwanangu. Watu wakuone una mwili."

Tumbo dogo halikuweza. Kila akishindilia, alitoka akaenda kutapika nyuma ya jiko. Mara moja kwa siku, kisha mara mbili, kisha kila mlo. Hakumwambia mtu. Baada ya mwezi, vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Ganzi ikapanda mpaka kwenye kifundo. Akitembea, anayumba kama mtu aliyetoka kuumwa. Kiti cha kusalia kikarudi mahali pake.

Jirani yake mmoja aliliona hilo. Aliitwa Marselina. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mwenye kupita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto na wajawazito. Siku hiyo alimkuta Zuleha uani anachambua mchele.

"Mama Hamisa, wewe uko hapa, kandambili yako iko kule mlangoni. Mmegombana?"

Zuleha akacheka. Akaangalia mguu wake. Ulikuwa mtupu.

Marselina hakucheka. "Hukuisikia ikikuvuka?"

"Nilikuwa na haraka."

"Vidonge vyako unakunywa?"

"Nakunywa."

"Na kliniki ulikwenda?"

"Nilikwenda."

Marselina akachuchumaa karibu naye. "Dada yangu, ganzi ya miguu haingojwi. Na kwa mtu aliyepasuliwa kama wewe, ndiyo kabisa. Kesho asubuhi nakusindikiza."

"Baada ya harusi, Marselina. Siku kumi na mbili tu."

Siku ya harusi, Zuleha alikataa mtu mwingine apike. "Nimewapikia watoto wa watu miaka yote. Wangu apikiwe na nani?"

Wanawake walijaa uani. Walimenya vitunguu na kutaniana.

"Zuleha wee, siku hizi tutakujuaje na mwiko wako? Mko sawasawa!"

"Mwiko mnene!" mwingine akadakia.

Zuleha alicheka kwa sauti. Masufuria matatu yalikuwa jikoni. Pilau ilifikia hatua ya kupaliwa. Alichota makaa kwa sepeto, akayamwaga juu ya mfuniko wa kwanza. Akarudi kuchota mengine. Akasimama kupumzika kidogo, mkono kiunoni. Pua yake, pua ya mpishi, ikashika harufu.

"Nani anaunguza nyama?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na nyama motoni. Wanawake wakageuka kuangalia huku na huku. Kisha mmoja akapiga kelele, akimwonyesha chini.

Zuleha akatazama. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma, karibu na mafiga. Mguu wake ulikuwa juu ya kaa la moto lililodondoka kwenye sepeto. Ulikuwa unaungua, na yeye alikuwa amesimama tu. Walipomvuta, aliwaambia kwa sauti ndogo, "Hauumi. Mbona hauumi?"

Bi Mwanakheri alisema nikaha isisimame. Kwa hiyo saa ile Hamisa anaozwa ndani, mama yake alikuwa garini, kwenye mashimo ya barabara ya Kisarawe, anapelekwa Kibaha. Marselina aliushika ule mguu mapajani njia nzima. Zuleha alilia. Hakulia kwa maumivu. Maumivu hayakuwapo.

Hospitali, vidole viwili vya mguu wa kushoto havikuokoka. Vilikatwa.

Muuguzi wa wodi aliitwa Ipyana, kijana mpole, mwenye kusema taratibu. Zuleha alimweleza yote: chupa iliyofichwa, ugali, kutapika. Ipyana alivuta kiti, akakaa kati ya kitanda na Bi Mwanakheri.

"Bibi, mguu wako ukikanyaga mwiba, unajuaje?"

"Unauma."

"Kuna mishipa inayopeleka habari kutoka mguuni hadi kichwani. Mishipa hiyo inaishi kwa vitamini. Sisi wengine tunazipata kwenye chakula. Zuleha tumbo lake ni dogo sasa, chakula chake hakitoshi kumpa zote. Ndiyo maana anapewa vidonge. Alipoviacha, mishipa ikaanza kudhoofika. Na alipotapika kila siku, hata kile kidogo alichokula kikatoka."

"Mimi nilimlisha ashibe," Bi Mwanakheri alisema.

"Tumbo hilo halijazwi, bibi. Anaanza na yai, samaki, nyama laini au maharage. Kidogo. Anatafuna sana. Akishiba anaacha, hata kama ni tonge la nne. Maji anakunywa baadaye, kama nusu saa hivi. Akitapika siku mbili mfululizo, au akihisi ganzi, aje hospitali hapohapo."

"Sasa mkimtibu, miguu itarudi kama zamani?"

Ipyana aliutazama mguu uliofungwa bendeji. "Tumeshaanza kumchoma sindano za vitamini. Hisia nyingine zitarudi. Nyingine sijui. Angekuja wiki ile ganzi ilipoanza, ningekujibu vizuri zaidi."

Bi Mwanakheri akajifunika uso kwa khanga.

Siku ya tatu Marselina alikuja tena.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Kwa nini uliviacha?"

"Watu walisema nina virusi vya UKIMWI. Niliona aibu, Marselina. Niliogopa posa itavunjika."

Marselina alifungua mkoba wake. Akatoa chupa nyeupe, akaiweka juu ya kitanda.

"Hii ni yangu. Huu mwaka wa tisa. Virusi ninavyo mimi. Nalima, nazunguka kijiji kizima kwa miguu, nimezaa mtoto hana virusi. Nakunywa dawa yangu, nasimama. Wewe ulikuwa tayari kupoteza miguu usifananishwe na mimi."

"Sikujua," alisema Zuleha.

"Ungejua ungeogopa zaidi." Marselina alirudisha chupa mkobani. Kisha akachukua chupa ya vitamini ya Zuleha, akamwaga kidonge kimoja kwenye kifuniko, akamsogezea. "Haya, fungua mdomo. Nimekasirika, lakini sijakususa."

Jioni ile akafika shangazi wa Ashrafu kutoka Soga, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Bi Mwanakheri hakuweza kujizuia. Alimwambia kila kitu, na kwamba walificha dawa kwa ajili yake.

Yule mama aliweka uji chini polepole. "Kwa ajili yangu? Dada yangu wee. Mimi nina mdogo wangu, mwili wake kama ule aliokuwa nao Zuleha. Hawezi kuinuka kitandani. Nilikuwa nimesikia kuwa Zuleha alipasuliwa. Niliitazama ile chupa nikitaka kuuliza, ni hospitali gani, na dawa gani hizo. Nikaona haya. Nikasema, siku ya kwanza tu, nianze kuwahoji watu maradhi yao?"

Chupa ya uji ilibaki pale chini, haijafunguliwa.

Zuleha alirudi Maneromango baada ya wiki tano, kwa fimbo. Chupa yake sasa inakaa barazani, juu ya meza, na anameza kidonge watu wakipita. Anayeuliza anajibiwa na Bi Mwanakheri kabla Zuleha hajafungua mdomo: "Ni vitamini. Na hata zingekuwa zile mnazozifikiria, angekunywa." Kliniki hakosi, na Marselina humsindikiza. Sukari imeshuka, presha imeshuka, kutapika kumekwisha. Yule mgonjwa wa Soga aliletwa kwa gari kumwona kabla ya kwenda kuonana na daktari. Zuleha alimwambia mema na mabaya, akamvulia soksi auone mguu.

Lakini hawezi tena kusimama jikoni muda mrefu. Pilau za shughuli wanapika wengine. Yeye hukaa kwenye kigoda mbali na moto, anaelekeza kwa mkono. Siku nyingine hatokezi kabisa.

Ipyana aliwaambia kwamba mguu usio na hisia lazima uangaliwe kwa macho kila siku, usije ukaota kidonda bila mwenyewe kujua. Bi Mwanakheri aliiomba kazi hiyo. Kila baada ya sala ya alasiri huleta beseni la maji, huyapima moto kwa kiwiko chake, na kuosha miguu ya mwanawe. Huangalia kila kidole, hata katikati ya vidole. Kisha hugusa kwa ncha ya kucha.

"Hapa?"

"Hapana, mama."

"Hapa?"

"Hapana."

Miezi minne jibu lilikuwa hilohilo. Siku moja mwezi wa kwanza, mvua imetoka kunyesha, Bi Mwanakheri aligusa kisigino cha kushoto.

"Hapa?"

Zuleha aliinua kichwa. "Rudia."

"Hapa?"

"Hapo nasikia. Kama sisimizi anapita."

Bi Mwanakheri hakupiga kigelegele. Alikishika kile kisigino kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa kitoto kichanga. Kisha akasogea mbele, kwenye vidole vitatu vilivyobaki.

"Na hapa?"

"Hapo hapana, mama."

"Haya," alisema Bi Mwanakheri. Akavuta taulo, akaukausha mguu wote, taratibu, hata pale penye pengo.