Tantine Laurentine wa Japani

Mume wangu alikufa, nikanyolewa nywele, nikalala chini kwenye mkeka… halafu nikakutana naye kwenye riwaya!

Sitanii, jamani. Acheni hiyo bukari, huo ugali wenu, ipoe kidogo mnisikilize.

Ilikuwa mchana, Mutshatsha, nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Mimi na mama mkwe wangu, Mama Godelieve, tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo. Simu nimeiegemeza kwenye sufuria, namsomea. Mama hajui kusoma, lakini riwaya anaipenda kunishinda mie.

Nikasoma hivi:

"Kenji akamkumbatia mke wake mpya, akacheka. Akasema, Tantine Laurentine alidhani amenimeza, kumbe nimetokea mgongoni kwake!"

Mama akainua kichwa. Majani yakamponyoka mikononi.

"Mama Mbayo, rudilia pale," akaniita kwa jina la binti yangu.

"Mama…"

"Rudilia, minasema!"

Nikarudia.

Dunia nzima, waliojua huyo Tantine Laurentine ni nini hasa walikuwa watu watatu tu. Mimi Abigaëlle, Mama Godelieve, na mume wangu Ngoy.

Na Ngoy tulishamlilia!

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mtanielewa.

Mnalijua grupu letu hili la kwenye simu, "Tunasoma Nini Lualaba". Si mko humu humu? Kila mtu anataja anachosoma siku hizi. Huyu maisha ya watakatifu, yule mapenzi, mwingine vitabu vya kutajirika haraka. Mwaka jana ukaingia ugonjwa wa riwaya za Kijapani. Kila mtu Japani, Japani! Hata wauza samaki wa soko la Kolwezi wakaanza kuitana Yuki.

Ndipo akatokea mtu anajiita Mutafsiri. Akasema anayo riwaya yenyewe ya Kijapani, ya karatasi na wino, na atatutafsiria kipande kila jioni.

Mkampenda. Hata mimi nilimpenda!

Riwaya ilikuwa ya mtu anaitwa Kenji, mchimbaji mpole, anayeishi jirani na mgodi wa shaba. Mke wake ni Hanako. Hanako ana mdomo. Hanako anakoroma, anaunguza wali, anamnyima mumewe usingizi kwa maneno.

Mlimtukana Hanako hadi nikamhurumia!

"Huyo mwanamke aachwe!"

"Kenji, kimbia baba!"

Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, niliandika: "Hanako ni nyoka." Nikaweka na moyo.

Ngoy alikuwa akinisikia namsomea mama yake, anacheka chinichini, anaendelea kufunga viatu vyake.

Mama akawa anamwambia Ngoy, "Ile buku ya Bajapani itakuwa sawa na ile ya tata yako."

Maana nyumbani kweli tulikuwa na kitabu cha Kijapani. Marehemu baba yake Ngoy alifanya kazi na Wajapani kwenye mgodi mmoja wa huko mpakani, zamani. Walipoondoka, mmoja akamwachia riwaya. Jalada jekundu, kona moja imeliwa na panya. Hakuna kati yetu aliyejua hata herufi moja. Mama alikiweka kwenye sanduku lake pamoja na rozari, kwa sababu kilishikwa na mumewe.

"Ngoy, nawe tutafsirie basi," nikamtania siku moja.

"Mi? Kijapani? Hata Kifaransa kinanishindaka!"

Tukacheka wote watatu. Nilikuwa mjinga wa kiwango cha juu, ndugu zangu.

Sasa huyo Tantine.

Kwenye kartié yetu, mtaa wetu wa Kolwezi, upande wa Musonoi, nyumba nyingi zilikuwa na shimo ndani. Unasogeza kitanda, unashuka, unafuata jiwe la madini chini kwa chini. Imekatazwa, lakini watu wanachimba. Na wakati huo tulikuwa tumeshaambiwa kwamba wote tutahamishwa, mgodi unapanuka. Mwenye nyumba safi atapewa nyumba kwenye cité mpya, makazi ya wanaohamishwa. Atakayekutwa na shimo anafukuzwa mikono mitupu.

Kwa hiyo neno "shimo" halikutamkwa kwetu. Mama ndiye aliyebuni jina. Mtu akiuliza Ngoy yuko wapi, tunajibu:

"Ameenda kwa Tantine Laurentine."

Hatuna shangazi wa jina hilo, hatukuwa naye kamwe. Hata binti yangu Mbayo, anayesoma kwa dada yangu Likasi, hakuambiwa siri hii.

Sawa. Jumapili moja Ngoy akasema tumbo linamuuma. Mimi na Mama tukaenda misa.

Tuko kwenye Baba Yetu, tukasikia kishindo…

Tulikimbia na viatu mkononi. Chumba cha kulala hakikuwepo! Kitanda, kabati, ukuta wa nyuma, vyote vimezama. Vumbi jekundu linapanda.

Mama alijilaza kifudifudi pembeni ya shimo, watu wamemshika kitenge asitumbukie.

"Ngoy! Ngoy, tata yangu! Itika!"

Vijana walishuka kwa kamba wakarudi bila mtu. Udongo bado unatembea, wakasema, hatuwezi kumtoa. Padri akaja akaombea pale pale. Shimo likawa kaburi.

Sijafuta hata machozi, huyo chef wa kartié, mkuu wetu wa mtaa, vijana nyuma yake.

"Mama, pole sana. Lakini muko na shimo. Nyumba ya cité mupya, musahau."

"Tata chef, bwana yangu eko mule ndani!"

"Njo maana minasema pole."

Tingatinga likaja likasukuma nyumba iliyobaki juu yake. Mama aliomba dakika atafute sanduku lake. Wakamnyima.

Tukaondoka Kolwezi na furushi moja kwenda kwa kaka yangu Mutshatsha. Walininyoa. Dada zake Ngoy waliniambia mbele ya watu kwamba mdomo wangu ndio ulimtuma mwanamume shimoni. Nikaubeba na mzigo huo. Mama Godelieve peke yake alinishika mkono akasema, "Huyu ni mutoto yangu, mumuache."

Na juma lile lile, jamani, Mutafsiri akawaandikia kwamba Kenji amefukiwa na udongo! Akawauliza: afe au aishi?

Mkapiga kura. "Aishi! Lakini asirudi kwa Hanako!"

Mimi sikusoma wakati ule, nilikuwa mkekani. Ni Mama aliyeniuliza, kilio kilipokwisha:

"Mama Mbayo, na Kenji alifikiaka wapi?"

Alitaka kitu cha kumtoa mawazo. Ndivyo tulivyofika kwenye ule mchana wa sombe.

Chini ya kipande kile mmoja wenu aliuliza, "Japani nako kuna Tantine Laurentine?" Mutafsiri akajibu, "Mwandishi alisomea Paris." Mkaridhika!

Nilimtazama Mama nikifikiri atazimia.

Alitabasamu. Uso wote ukafunguka.

"Eko muzima! Mutoto yangu eko muzima!"

"Mama, alitokea shimo jingine, akatutoroka…"

"Hapana. Jiwe lilimupiga ku kichwa, akasahau. Akituona atakumbuka."

Niseme nini? Alikuwa mama. Mimi nilitaka kumrarua mtu uso, yeye alitaka mwanawe tu. Nikamwacha na hilo tumaini lake, maana hakuwa na kitu kingine.

Riwaya ilisema Kenji sasa anaishi mji wa mawe meusi, nyumba ya mlango wa buluu, karibu na gare, stesheni ya treni.

"Jiwe nyeusi ni Kisenge," Mama akasema, kule kwenye machimbo ya manganizi. Akaenda kukamata kuku.

Tulipanda lori la bidhaa, juu ya magunia. Mama amevaa nguo zake nyeusi, kuku kwapani. Njia nzima anamwambia yule kuku kwamba tunakaribia kufika kwa Ngoy.

Mlango wa buluu tuliupata bila shida. Akafungua msichana mzuri, mjamzito, anaitwa Blandine.

"Munatafuta nani, bamama?"

Ulimi wangu ukanitangulia. "Tata Kenji."

Akapiga makofi kwa furaha!

"Nanyi munasomaka? Ingieni! Bwana yangu njo Mutafsiri! Hapana kwambia batu, ni siri."

Akatukalisha kama wageni wa heshima. Akatuletea maji.

Na pale mezani, kwenye kitambaa cheupe… kitabu chekundu. Kona imeliwa na panya.

Kile kitabu kilitakiwa kiwe chini ya udongo wa Kolwezi, pamoja na sanduku, pamoja na rozari, pamoja na yeye!

Ndipo akaingia. Amenenepa. Shati jipya.

"Ngoy," Mama akasema. "Tata yangu."

Alimwangalia mama yake. Akamwangalia Blandine, na tumbo la Blandine.

"Aba bamama ni ba nani?"

"Ni basomaji bako," Blandine akajibu.

"Shibajue." Eti hatujui!

Mama aliinuka. Akampapasa kichwa, taratibu, anatafuta kovu.

"Jiwe lilikupigaka hapa? Ao hapa?"

Ngoy akasogeza kichwa pembeni.

"Mama, munakosea. Mutoto wenu ni mwengine. Blandine, bakimaliza mayi, bende."

Mimi, Hanako wenu mwenye mdomo, nilikosa neno!

Mama akakigusa kile kitabu.

"Hii ilikuwaka mu sanduku yangu. Pamoja na rozari. Juu ya nini haukubebaka rozari?"

Ngoy akakivuta kitabu kwake.

"Na mi? Juu ya nini haukunibebaka?"

Anaangalia ukuta.

Mama akavuta pumzi. Akachukua kuku, akamweka miguuni pa Blandine.

"Ni ya mimba, mutoto yangu. Upike na chumvi kidogo." Kisha akamgeukia Ngoy. "Uko na haki, tata. Haunijue. Mutoto yangu eko kwa Tantine Laurentine."

Tukatoka.

Jioni ile ile, kipande kipya. "Kizee Kichaa Mlangoni kwa Kenji." Aliandika kila kitu! Nguo nyeusi, mkono kichwani, hata kuku hakumsamehe.

Mlicheka, jamani. Mlicheka mpaka mkalia. Hakuna kipande kilichopata mioyo mingi kuliko kile.

"Kizee kifukuzwe na mbwa!"

"Kuku nipe mimi!"

Tuliporudi Mutshatsha, Mama aliniuliza ameandika nini. Nilitaka kumdanganya. Akasema, "Soma vile iko." Nikamsomea hadi mwisho, na maneno yenu nikamsomea.

"Banacheka?"

"Banacheka, Mama."

Akarudi kwenye sombe yake. Lakini tangu siku ile chakula kilimshinda. Daktari alitafuta ugonjwa hakuona.

Padri alipokuja kumpaka mafuta alimuuliza ana watoto wangapi wa kiume. Akajibu, "Mumoja. Alikufa mbele yangu."

Mama Godelieve amefariki juma hili.

Siku ile ile nilichukua simu ya kaka yangu, nikaandika kwa jina lake, chini ya kile kipande: "Yule bibi mwenye kuku amekufa."

Mkanirukia! "Acha kutuharibia riwaya!" "Wewe nani umeshasoma mwisho?"

Na Mutafsiri akanijibu. Nendeni mkaangalie, bado ipo:

"Wazo zuri sana, ndugu. Nitalitumia."

Basi hii ndiyo riwaya yenu ya Kijapani. Haijatafsiriwa na mtu, huyo Ngoy hajui hata kile kitabu upande gani ni juu. Ni mimi mliyenitukana, na ni mama wa mtu mliyetaka afukuzwe na mbwa. Somo langu ni fupi: kabla hujabonyeza moyo kwenye machozi ya mtu, jiulize kwanza kama huyo mtu hayupo kweli. Nami nililipenda lile tusi la nyoka nilipoliandika, kwa hiyo siwasemi ninyi tu.

Blandine, dada yangu, sina ugomvi na wewe. Sasa unajua.

Na wewe Ngoy. Najua unasoma, unasomaga kila kitu wanachokuandikia.

Lile halikuwa wazo.

Tumemzika mama yako Mutshatsha. Usije. Kwenye misa padri alitaja majina mawili ya marehemu, la kwako na la kwake. Nilitaka lako liondolewe, lakini Mama alikuwa ameshaomba, kabla hajafa, libaki.