Taulo za Bluu Chumba Namba Saba

— Nionyeshe mwanaume aliyeacha taulo hizi.

Dobi wa hoteli alisimama mlangoni mwa chumba namba saba, taulo mbili za bluu mkononi, damu inamchemka. Taulo za bluu ni za bwawa la kuogelea. Haziingii vyumbani, na anayezigawa ni mmoja tu: fundi wa bwawa, mumewe wa ndoa. Mgeni wa chumba hicho, mwanamke mtafiti wa mito, alibabaika, akasema hajui. Siku ya tatu hiyo dobi anazikuta zimetundikwa bafuni, maana hoteli ina kikaratasi chake: ukitundika taulo haifuliwi, tunatunza maji.

Wivu hauna mshauri. Alishuka moja kwa moja kwa meneja, akamwaga yote.

Meneja hakujali mapenzi. Aliagiza begi la fundi lipekuliwe. Ndani, limeviringishwa kwenye taulo ya bluu, likatoka daftari la pampu: maji yanayovutwa kila siku kutoka kwenye chemchemi ili bwawa lijae, huku mto ukikauka na samaki wakifia matopeni. Fundi alikuwa akimpelekea mtafiti alisome kwa siri, limefichwa ndani ya taulo.

— Asante, mama. Umetusaidia sana, meneja akamwambia dobi.

Kabla ya saa sita mumewe hakuwa na kazi. Dobi alimkuta nyuma ya chumba cha pampu, anakunja sare.

— Mbona hukuniambia? Mimi si mkeo?

— Ungejua, tungefukuzwa wote. Nilitaka mmoja wetu abaki kazini.

— Nilidhani unanisaliti.

— Ungeniuliza, mke wangu.

Aibu ilimshika. Na bado wivu haukuisha: mwanamke mwingine alikuwa anajua siri ya mumewe, yeye hajui. Hilo lilimuuma kuliko taulo.

Simu ya fundi ikalia, ujumbe wa mtafiti. Akampa mkewe asome mwenyewe: "Pole sana. Bila daftari sina ushahidi wa kupeleka bodi ya maji."

Dobi hakuirudisha simu. Mita kuu ya chemchemi iko chumba cha kufulia, na kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine anayeisoma na kuandika namba zake ni yeye, mwaka wa nne sasa. Akajibu: "Usiondoke. Namba ninazo mimi, dobi."

— Watakufukuza na wewe, mumewe akasema.

— Basi tufukuzwe wote. Ila nampelekea mimi mwenyewe. Wewe tangulia nyumbani ukapike.